Picha ni ya mwaka 1912. Je, naweza kuitumia?

Swali: Mtaalamu, salamu. Ninaandaa kijitabu kuhusu historia ya meli za mvuke. Nitakichapisha na kukiuza, na sura kadhaa nitaziweka mtandaoni. Nimekusanya picha zipatazo arobaini. Nyingi nimezitoa kwenye kurasa za wapenzi wa meli, na baadhi zimeandikwa "miliki ya umma". Nyingine nimezikuta kwenye tovuti za kuuza picha, zina jina la kampuni limepita katikati. Moja ni ya Titanic, inasemekana ilipigwa na abiria. Tatu nimeziskani mwenyewe kutoka kwenye albamu niliyoinunua mnadani, na mojawapo ni postikadi. Rafiki yangu mmoja anasema picha ikipita miaka 50 haina mwenyewe. Mwingine anasema nikitaja chanzo inatosha. Nani mkweli, na nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza hongera kwa kuuliza kabla kazi haijaingia mtamboni. Wengi huniandikia barua ya mdai ikiwa tayari mezani. Wewe bado una nafasi ya kuchagua, na kwa picha arobaini nafasi hiyo ni kubwa.

Rafiki zako wote wawili wamekupotosha, ingawa huyu wa miaka 50 hakuitunga hadithi yake. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, picha ililindwa miaka 50 tangu negativu (filamu au kioo chenye picha ya awali) ilipotengenezwa, na sheria hiyo ilisambaa katika himaya nzima. Mabaki yake yapo hadi leo: Kanada, picha iliyopigwa kabla ya 1949 iko huru, yaani haina tena hakimiliki, na Australia ni iliyopigwa kabla ya 1955. Hata Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao ndio mama wa sheria hizi, uliruhusu nchi kuilinda picha kwa miaka 25 tu tangu ipigwe. Picha ilidharauliwa; watu waliona mashine ndiyo iliyofanya kazi. Lakini mkataba wa 1996 wa shirika la kimataifa la miliki bunifu uliondoa ubaguzi huo, na leo nchi nyingi hazihesabu tena tangu kamera ilipobofywa. Zinahesabu tangu mpiga picha alipofariki, kisha zinaongeza miaka 50 au 70, na muda unaisha tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mwisho.

Tuichukue hiyo Titanic yako, maana inafundisha kuliko zote. Kama ni ya "abiria", kuna uwezekano mkubwa ni ya Francis Browne, Mjesuiti wa Ireland aliyepanda Southampton Aprili 1912 na kushuka Queenstown, bandari ya Ireland, kabla meli haijaingia Atlantiki. Kamera yake ikanusurika pamoja naye. Browne alifariki mwaka 1960. Piga hesabu: 1960 jumlisha 70, tunafika mwisho wa 2030. Kwa hiyo katika nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo, picha iliyopita karne nzima bado inaweza kuwa na mwenyewe. Nenda Marekani uone mambo yanavyogeuka. Kule, kwa picha za enzi hizo, kinachohesabiwa ni miaka 95 tangu kuchapishwa, na baadhi ya picha za Browne zilitoka magazetini mwaka ule ule wa 1912, meli ilipozama. Hizo Marekani ni huru zamani. Ila negativu zake nyingine zilikaa ndani ya sanduku hadi zilipogunduliwa 1985, na picha ambayo haikuwahi kuchapishwa enzi zile haiingii kwenye hesabu hiyo.

Umeona ugumu ulipo? Swali la "picha hii ina miaka mingapi" halikufikishi mbali. Unachokitafuta ni maisha yake: nani aliipiga, alikuwa akimfanyia nani kazi, ilichapishwa lini mara ya kwanza na katika nchi gani, na yeye alifariki lini. Ukiyapata hayo, sheria yenyewe ni hesabu ya darasa la nne.

Hilo la "alikuwa akimfanyia nani kazi" watu hulipuuza, nami nalionyesha kila mara kwa mfano mmoja. Tarehe 14 Agosti 1945, Times Square, New York, baharia alimkumbatia mwanamke aliyevaa nguo nyeupe akambusu, vita vimekwisha. Alfred Eisenstaedt wa jarida la Life aliwapiga picha. Hatua chache pembeni, Victor Jorgensen, mpiga picha wa Jeshi la Majini la Marekani, naye akabofya. Busu ni lile lile, sekunde zile zile. Ya Eisenstaedt ina mwenyewe hadi leo, na usijaribu kuigusa bila leseni. Ya Jorgensen iko huru, kwa sababu kazi inayofanywa na mtumishi wa serikali kuu ya Marekani akiwa kazini haipewi hakimiliki nchini humo. Kwa mtu wa meli kama wewe hii ni habari njema: majeshi ya majini yalipiga picha za meli kwa maelfu. Upande wa Uingereza, picha za serikali zilizopigwa kabla ya 1 Juni 1957 ulinzi wake wa miaka 50 umekwisha. Usidhani tu kila serikali iko hivyo; nyingi hujiwekea hakimiliki kama mtu mwingine yeyote.

Sasa rafiki wa pili. Kutaja chanzo ni adabu njema, lakini hakugeuki kuwa ruhusa. Ukichukua ng'ombe wa mtu ukaandika jina la mwenyewe ubavuni, bado umemchukua. Mahali pekee ambapo kutaja jina kunatosha ni pale mwenye picha mwenyewe aliposema hivyo, kama ilivyo kwenye baadhi ya leseni za Creative Commons. Hata hapo soma leseni yote, kwa maana nyingine hukataza biashara, na kijitabu chako kinauzwa.

Nije kwenye albamu yako, ambayo nahisi ndiyo uliyoitegemea zaidi. "Nimeinunua, ni yangu." Karatasi ni yako, naam. Haki ya kuzalisha nakala ni kitu kingine, na haikuja pamoja na risiti ya mnada. Kisa cha Vivian Maier kinalieleza hili vizuri. Alikuwa yaya huko Chicago, akapiga picha maisha yake yote bila kumwonyesha mtu. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa stoo vikapigwa mnada kwa sababu kodi ya stoo haikulipwa, na wanunuzi wakajikuta na makumi ya maelfu ya negativu. Akafariki 2009. Picha zikapata umaarufu, zikauzwa, zikatengenezewa vitabu, hadi 2014 lilipoibuka suala la mrithi wake halali, kesi ikafika mahakama inayoshughulikia mirathi, na mnunuzi mkuu akalazimika kufikia makubaliano na wasimamizi wa mirathi. Alikuwa na sehemu kubwa ya negativu mkononi.

Kwa hiyo zichunguze picha zako tatu moja moja. Zile mbili za kawaida, ambazo huenda ni za familia ya mtu safarini, zina uwezekano mkubwa wa kuwa hazijawahi kuchapishwa. Tuseme ni za 1925. Postikadi iliyochapishwa mwaka huo, Marekani iko huru tangu mwisho wa 2020. Picha ya familia ya mwaka huo huo ambayo haikuwahi kutoka, na mpigaji hajulikani, Marekani inalindwa miaka 120 tangu ilipopigwa, yaani hadi mwisho wa 2045. Hapo ndipo wengi hushika kichwa: picha iliyojificha huishi muda mrefu kuliko iliyotembea.

Postikadi ndiyo inayonipa raha. Chukua kioo cha kukuzia, weka juu ya ubavu wa meli, mahali penye kivuli. Ukiona vidoti vimepangana kama wavu, hiyo ilipigwa mashineni kwa wingi na kusambazwa, kwa hiyo ilichapishwa. Ukiona rangi inafifia taratibu bila kidoti hata kimoja, ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya postikadi, na hapo uwe mwangalifu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1900 Kodak waliuza kamera na karatasi za ukubwa huo, na mtu yeyote angeweza kumsafishia shangazi yake postikadi moja tu. Umbo ni la postikadi, lakini hiyo ni picha ya nyumbani.

Kisha igeuze. Mgongo ukiwa na mstari katikati, upande mmoja anwani na mwingine ujumbe, kama ni ya Uingereza haiko kabla ya 1902. Ya Marekani haiko kabla ya 1907. Zilizotangulia hazikuruhusiwa ujumbe upande huo, na ndiyo maana kwenye postikadi kongwe utaona watu wameandika salamu zao pembezoni mwa picha, juu ya mawimbi. Muhuri wa posta unakwambia kadi haikuzaliwa baada ya tarehe hiyo. Jina la mchapishaji na namba ndogo chini yake ndilo pato kubwa, kwa maana wakusanyaji wa postikadi wameorodhesha wachapishaji kwa bidii ya kutisha. Na kama ilichapishwa mara ya kwanza Marekani kabla ya 1978 bila © wala maandishi yoyote ya kudai haki, kwa kawaida ilipoteza ulinzi kule siku ile ile ilipotoka.

Meli nayo ina faida ambayo picha ya mlima haina: inasema umri wake. Ilishushwa majini mwaka unaojulikana, ikavunjwa au kuzama mwaka unaojulikana, na katikati ilibadilisha jina, mwenyewe na rangi za bomba la moshi. Niliwahi kupewa picha ya bandari iliyoandikwa "1908" kwenye kurasa zaidi ya kumi, zote zimenakiliana neno kwa neno. Nilipoikuza, juu ya mlingoti wa meli ya nyuma palikuwa na antena ya rada. Meli za biashara zilianza kufungwa rada miaka ya 1940 ikielekea mwisho. Kurasa kumi zilikuwa zimerithi kosa la mtu mmoja, na mhariri aliyenipa picha ile alikuwa ameshaandika maelezo yake.

Ndiyo sababu nasema maneno "miliki ya umma" kwenye ukurasa wa mpenzi wa meli yachukue kama uvumi hadi uthibitishe. Aliyeyaandika hakuwa na nia mbaya. Aliona picha ya kahawia akahitimisha. Yakiandikwa na maktaba au makumbusho yenye picha halisi yana uzito zaidi, ila soma vizuri ni maneno gani. "Hakuna vizuizi vya hakimiliki vinavyojulikana", unayoyakuta kwenye Flickr Commons, makusanyo ya mtandaoni ya picha za maktaba na makumbusho yaliyoanza 2008, yana maana ya kuwa wametafuta hawakuona. Hawajakuapia. Mfumo wa RightsStatements.org, ulioanzishwa 2016, una matamko 12 yanayotofautisha picha yenye hakimiliki, isiyo nayo, na ile ambayo haijapimwa bado. Tamko linaweza pia kuwa kweli katika nchi moja tu, kwa hiyo jiulize kijitabu chako kinauzwa wapi.

Na jina la kampuni katikati ya picha? Halithibitishi lolote. Kampuni za picha huuza nakala za vitu huru kila siku, na sheria haiwazuii. Carol Highsmith, mpiga picha wa Marekani, aliitolea Maktaba ya Bunge la nchi hiyo maelfu ya picha zake ili umma uzitumie bure. Baadaye taasisi yake mwenyewe ikaandikiwa barua ya kudai dola 120 kwa kutumia picha aliyoipiga yeye. Alikwenda mahakamani 2016 kuzishtaki kampuni zilizokuwa zikiuza picha zile, na madai yake ya hakimiliki yakatupwa: alikwisha kuzitoa, kila mtu aliweza kuziuza. Jifunze pande zote mbili za kisa hicho. Anayedai si lazima awe mwenyewe, na kitu kinachouzwa si lazima kiwe na mwenyewe.

Hata hivyo usifute jina hilo kwa programu ukaendelea na safari. Kama picha ni huru, itafute nakala yake safi kwenye maktaba. Kama si huru, kufuta kwako kutasomwa kuwa ulijua. Kuhusu kuskani: mahakama moja ya New York iliamua mwaka 1999, kesi ya Bridgeman, kwamba nakala aminifu ya mchoro usio na hakimiliki haizai hakimiliki mpya, na Umoja wa Ulaya uliweka kanuni ya aina hiyo kwa sanaa za kuonekana katika agizo lake la 2019. Picha iliyotiwa rangi upya ni jambo jingine. Aliyetia rangi anaweza kudai kazi yake, hivyo tafuta ile ya awali ya nyeusi na nyeupe. Binafsi naona meli zinapendeza zaidi hivyo.

Jinsi ya kutafuta. Ipakie picha kwenye TinEye au huduma nyingine ya kutafuta kwa picha, upange majibu kuanzia la zamani zaidi, kisha uigeuze kushoto kulia utafute tena, kwa maana nyingi zimegeuzwa. Unatafuta nakala kubwa kuliko zote na isiyokatwa pembe, kwani pembeni ndiko wapiga picha walikokwaruza namba na majina yao kwenye negativu. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili nazo ziangalie, ingawa mitandao ya kijamii huzifuta mara nyingi. Ukipata jina, tafuta mwaka wa kifo. Ukipata jarida la Marekani la kabla ya 1964, angalia kama hakimiliki yake ilihuishwa mwaka wa 28, maana isiyohuishwa ilikufa hapo. Kila unachokiona kiandike: tarehe, ukurasa, jina, jibu ulilopewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ukidaiwa, daftari hilo ndilo litakalokutofautisha na mwizi.

Utabaki na picha ambazo mpigaji wake hapatikani kabisa. Hizi una njia nne, na hakuna isiyo na gharama. Unaweza kuiacha na kuweka nyingine ya meli ile ile iliyo huru. Kwa picha nane kati ya kumi mimi ningefanya hivyo bila kusononeka. Unaweza kuomba leseni ya kazi isiyojulikana mwenyewe pale penye utaratibu, mfano Uingereza tangu 2014, ukijua leseni hiyo haivuki mpaka. Unaweza kununua leseni kwa kampuni ya picha, ambayo angalau inakupa mtu wa kumwegemea, mradi usome mkataba unaosema nini iwapo kampuni yenyewe haina haki. Au unaweza kuitumia ukiwa na daftari lako la utafutaji na tangazo kitabuni kwamba mwenye haki akijitokeza atasikilizwa. Tangazo hilo halikupi haki yoyote. Linapoza hasira tu. Njia hiyo ya mwisho inabebeka kwa ukurasa wa mtandaoni unaoweza kufutwa kwa dakika moja, lakini nakala elfu moja zilizokwisha chapwa huwezi kuziita zirudi.

Jambo moja liko nje ya hakimiliki kabisa: waliomo ndani ya picha. Abiria aliyelala sitahani akiwa mgonjwa, wafanyakazi wa tanuri waliopigwa nusu uchi bila kuulizwa, watu waliosafirishwa bila hiari yao. Picha inaweza kuwa huru kisheria na wajukuu wao wakawa hai. Katika baadhi ya nchi kuna sheria ya faragha inayowagusa. Kwingine ni dhamiri yako peke yake.

Lini uache kunisoma mimi ukamwone mtu ana kwa ana? Mkutubi au mtunza nyaraka mwone mapema, ukiwa na picha mkononi, kwa maana wao hutambua karatasi na mihuri kwa kugusa, na huduma yao mara nyingi ni bure. Wakili wa miliki bunifu mwone kama picha inakwenda kwenye jalada, kama kitabu kitauzwa nchi nyingi, kama warithi wawili wanadai kitu kimoja, au ukipata barua ya madai. Barua hiyo usiilipe siku hiyo hiyo kwa woga na usiitupe. Iondoe picha mtandaoni, omba kwa maandishi uthibitisho kwamba anayedai ndiye mwenye haki, kisha mwone wakili.

Kwa wiki hii, zigawe arobaini zako kwenye mafaili matatu: zenye jina la mpigaji, zenye taasisi ya kuulizia, na zisizo na chochote. Hilo la tatu litakuwa nene, usikate tamaa. Ile ya Titanic itoe kwenye jalada, kama uliiweka huko, hadi ujue kama ni ya Browne na kama ilitoka gazetini 1912. Na postikadi iskani tena, safari hii pande zote mbili. Nina hakika uliskani uso tu.